Milioni 42, milioni 62, milioni 78: nyumba ni ile ile moja

Barua ya msomaji

Mshauri, habari za kazi.

Mimi ni muuguzi, mume wangu ni mwalimu wa sekondari. Tuna watoto wawili na bado tunaishi nyumba ya kupanga. Tulijibana tukanunua kiwanja Goba, Dar es Salaam, kisha tukachorewa ramani: vyumba vitatu vya kulala, kimoja kina choo chake ndani, sebule, jiko, stoo, choo cha familia na kibaraza. Kwa nje nyumba ina mita 12 kwa 9.5. Ramani nimekuambatanishia.

Kiwanja chenyewe kina mteremko, kama unavyoijua Goba. Kijana wa jirani alitupimia kwa mpira wa maji, akasema kati ya upande wa juu wa nyumba na upande wa chini kuna tofauti ya mita 1.6.

Shida yetu ni makadirio. Tumepata matatu na hayafanani hata kidogo.

La kwanza ni la fundi aliyemjengea baba mkwe kule Kibaha. Ni mtu mzima, mpole, ukoo mzima unamheshimu. Alikuja tunakopanga, kiwanjani hakufika. Akaitazama ramani, akauliza tumejipanga na shilingi ngapi. Mume wangu akamwambia tuna milioni 30 mkononi na tunaweza kukopa milioni 15 SACCOS. Basi akachukua karatasi ya daftari akaandika: matofali ya inchi 6, 2,800; saruji mifuko 320; nondo za milimita 12, 30; mchanga tripu 14; kokoto tripu 6; mbao, bati, misumari, ufundi. Akapiga mstari chini: jumla milioni 42. Anaomba atangulizwe asilimia 60.

La pili ni la fundi mkuu niliyeelekezwa na mwenzangu wa kazini. Huyu alijibu kwa simu tu: "Dada, siku hizi nyumba inakwenda laki tano na nusu kwa mita ya mraba." Tukazidisha wenyewe, tukapata milioni 62.7.

La tatu ni la kampuni ndogo ya ukandarasi. Walituma vijana wawili kiwanjani na vifaa vya kupimia, baadaye wakaleta BOQ, yaani orodha ya kazi zote na vipimo na bei zake, ya kurasa 14. Jumla milioni 78, na mwishoni wameweka asilimia 5 ya dharura, kisha juu yake asilimia 18 ya VAT.

Mume wangu anataka tuanze na fundi wa baba yake. Shemeji yangu anasema kampuni inataka kutupiga, eti kurasa 14 ni za kututisha. Mimi nikiitazama 42 moyo unafurahi, nikiikumbuka 78 usingizi unakata. Hapa mtaani maboma yamejaa, mengine majani yameota hadi sebuleni, na naogopa letu lisije likaongeza idadi.

Naomba unieleweshe: hawa watu namba hizi wanazipataje? Na nitamkatalia vipi fundi huyu bila kumvunjia heshima baba mkwe?

Mama Wawili, Goba

Jibu la mshauri

Mama Wawili, hongereni kwa kiwanja. Barua yako nimeisoma, ramani nimeifungua, nikakaa nayo na kikokotoo jioni nzima. Nimefarijika kwamba umeuliza kabla hela haijatoka. Barua nyingi za aina hii hunifikia boma likiwa limeshasimama na akaunti imekauka, na hapo ninachoweza kusema ni kidogo sana.

Niseme mapema: sijaona ushahidi kwamba yeyote kati ya hawa watatu ni mwizi. Ila kila mmoja amekadiria nyumba aliyoiona kichwani mwake. Fundi wa baba mkwe ameona nyumba ya Kibaha kwenye kiwanja bapa. Wa simu hakuona nyumba yoyote, ameona wastani wa nyumba alizokwisha kujenga. Kampuni ndiyo pekee iliyofika Goba.

Gharama ya kujenga, iwe banda la kuku au ghorofa, inatokana na vitu viwili: kazi ni kiasi gani, na kipimo kimoja cha kazi hiyo ni shilingi ngapi. Mita za mraba za ukuta, mita za ujazo za zege, kilo za nondo. Unazidisha, unajumlisha, ndipo mkandarasi anaweka juu gharama za kuendesha kazi, faida yake na kinga ya yasiyotarajiwa. Ukijua kiasi, bei unaweza kubishana nayo. Usipojua kiasi huna cha kubishana, unabaki kumwangalia mtu usoni ukijaribu kukisia kama ni mkweli.

Sasa tuichukue karatasi ya daftari, tuanze na matofali, kwa sababu hapo ndipo ukweli wa kiwanja chako ulipojificha.

Ukuta wa nje wa nyumba yako una mzunguko wa mita 43. Kuta za ndani nimezipima kwenye ramani, zinakaribia mita 38. Jumla mita 81. Ukuta ukipanda mita 3 unapata mita za mraba 243. Toa milango na madirisha, kama mita za mraba 35, zinabaki 208. Tofali letu la kawaida, lenye uso wa sentimita 45 kwa 23, likisimamishwa huingia karibu matofali 10 katika mita moja ya mraba. Hapo ni 2,080. Weka ya kuvunjika, maana kuna yanayovunjika kwenye gari na yanayokatwa kwenye kona, unafika kama 2,180.

Fundi ameandika 2,800. Kwa hiyo amebakiza matofali 620 kwa ajili ya msingi.

Msingi hujengwa kwa kulaza tofali, si kulisimamisha, ndiyo maana mita moja ya mraba ya ukuta wa msingi hula kama matofali 14. Gawanya 620 kwa 14 unapata mita za mraba 44, nazo ukizitandaza kwenye urefu wa mita 81 unapata kimo cha nusu mita na ushee. Kwenye kiwanja bapa chenye udongo mzuri, kimo hicho si cha ajabu. Lakini kiwanja chako kinashuka mita 1.6. Hata tukisema upande wa juu msingi una kimo cha sentimita 90 tu kuanzia kwenye zege la chini, upande wa bondeni utafika mita 2.5, na wastani wake ni 1.7. Zidisha kwa 81, kisha kwa 14: matofali zaidi ya 1,900. Ukijumlisha na ya juu unakaribia 4,100. Karatasi ya fundi imepungukiwa matofali 1,300, na hapo hatujagusa saruji ya kuyajengea wala ufundi wake, ambao mitaani hulipwa kwa kila tofali.

Ukishanyanyua msingi namna hiyo lazima uujaze. Sakafu yako kwa ndani ina kama mita za mraba 100. Mteremko wenu peke yake unaongeza wastani wa sentimita 80 za kujaza, yaani mita za ujazo 80 za kifusi, tena kilichoshindiliwa. Kifusi kikishindiliwa hunywea, kwa hiyo cha kununua kiko karibu na mita za ujazo 100. Kwa lori linalobeba mita 5 za ujazo, hizo ni tripu 20. Rudi kwenye karatasi ya fundi: neno kifusi halimo.

Na ukuta wa mita 2.5 uliojazwa udongo nyuma yake unasukumwa kila siku, na mvua za masika zikinyesha unasukumwa zaidi. Matofali matupu hayatoshi hapo. Mhandisi ndiye wa kusema ziwekwe nguzo za zege na nondo kiasi gani, na maji yatokee wapi. Hilo naomba msilifanyie mzaha kabisa, mtalala humo na watoto.

Nondo nazo zimenisimulia jambo. Renta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, inazunguka kuta zote, mita 81, na kwa kawaida ina nondo nne. Mara nne ni mita 324. Nondo moja ina mita 12, kwa hiyo ni nondo 27, na ukihesabu zinapopishana kwenye maungio unafika 30. Ndiyo 30 alizoandika. Maana yake amehesabu renta, akaishia hapo. Mkanda wa zege wa msingi hauna nondo, nguzo hazina nondo, na ringi, zile nondo nyembamba za kuzifunga pamoja nondo kubwa, hazionekani popote. Mkienda kununua, dai zipimwe kwenye mizani: nondo ya kweli ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa kilo 10.6 hivi. Ikiwa na kilo 8 na kitu, hiyo si 12 hata ikiandikwa hivyo, na bei yake nafuu isikuvutie.

Bati hakuandika idadi, ameandika neno tu. Hapa wengi huchukua mita 12 kwa 9.5 wakapata 114 wakaenda dukani. Paa haliishii kwenye ukuta. Ukiongeza sentimita 60 za kuchungulia kila upande, unapata mita 13.2 kwa 10.7, yaani 141. Halafu paa limeinama, halikutandikwa kama mkeka. Kwa mwinamo wa nyuzi 30 unazidisha kwa 1.155, unafika kama 163, bado bati hazijapishana. Kati ya 114 na 163 kuna bati nyingi za kukopa katikati ya kazi, mafundi wakiwa juu ya kenchi wanakusubiri.

Kwenye saruji simlaumu, kwa kuwa mifuko 320 inaweza kuwa mingi na inaweza kuwa michache. Zege la uwiano wa 1:2:4 hula mifuko 6 na nusu hivi kwa mita moja ya ujazo, la 1:3:6 hula 4 na nusu. Yeye uwiano hakuandika popote. Mwenye mifuko michache kwenye karatasi si lazima awe mwenye hesabu nzuri. Inawezekana ana zege jepesi. Tripu za mchanga ni hivyo hivyo: tripu 14 za gari lenye bodi gani? Pima urefu, upana na kina cha bodi, uzidishe. Tena mchanga wenye unyevu huvimba, unaweza kuongezeka hata robo ya ujazo wake, kwa hiyo mchanga uliolowa kidogo ukijaza lori ni pungufu kuliko unavyoonekana.

Kilichonisikitisha zaidi kwenye karatasi ile ni lile swali la kwanza, mmejipanga na shilingi ngapi. Mlisema 30 na 15. Akaleta 42. Hesabu ya namna hiyo inaanzia mfukoni kwa mteja na kurudi nyuma, na mzee huyu pengine ameifanya kwa nia njema kabisa ili msikate tamaa. Mimi nimeyaona maboma hayo unayoyasema, na mengi hayakukwama kwa uvivu wa wenyewe wala kwa wizi. Yalikwama kwa sababu namba ya kwanza ilikuwa ya kuwafurahisha.

Nije kwa yule wa laki tano na nusu. Kukadiria kwa mita ya mraba si ujinga. Hata wakadiriaji majenzi waliosomea hufanya hivyo pale mteja anapouliza tu kama ndoto yake inawezekana. Ubaya ni kuichukua namba hiyo ukaingia nayo mkataba. Mwulize laki tano na nusu ameitoa kwenye nyumba ipi, ilijengwa mwaka gani, ilikuwa kwenye tambarare au mlimani, ilikuwa na vigae au sakafu ya saruji, jipsamu au mbao, na kama shimo la maji taka, umeme na mabomba vilikuwemo. Mwulize pia anazidisha mita zipi. Kwa vipimo vya nje una 114, kwa ndani una kama 100. Tofauti ya mita 14 peke yake ni milioni 7.7, na hakuna hata tofali lililoongezeka.

Sasa zile kurasa 14 ambazo shemeji anasema ni za kutisha. Mimi ndizo zilizonituliza. Ondoa VAT kwenye milioni 78, inabaki kama 66. Ondoa asilimia 5 ya dharura, inabaki 63. Umeona? Kampuni na fundi wa simu wako karibu sawa: 63 na 62.7. Sisemi kwamba fundi wa simu yuko sahihi, kwa sababu hatujui ndani ya namba yake kuna nini. Nasema milioni 78 si bei ya watu wenye tamaa kama mlivyodhani. Wameandika waziwazi vitu ambavyo wengine hukwambia mkiwa mmeshafika kwenye renta.

Fungu la dharura ni lenu, si lao. Andikeni kwenye mkataba kwamba halitumiki bila maandishi yenu, na lisipotumika linabaki kwenu. Kwa VAT, waombe namba yao ya usajili wa VAT, na kila malipo yatolewe risiti ya EFD, ile mashine ya kodi. Kisha muwaulize swali moja ambalo wateja wachache huuliza: bei za vifaa mlizotumia ndani ya BOQ ni kabla ya VAT au pamoja na VAT? Saruji ya dukani mara nyingi tayari ina kodi ndani yake. Mkandarasi aliyesajiliwa hujirudishia kodi aliyolipa kwenye manunuzi, kwa hiyo anapaswa kujenga bei zake bila kodi, kisha aweke 18 mara moja mwishoni. Akiweka 18 juu ya bei ambayo tayari ina 18, hapo ndipo mtakuwa mmepigwa kweli.

Halafu chagueni mstari mmoja wa BOQ muombe wauvunje mbele yenu. Mimi ningechagua ukuta wa tofali la inchi 6 kwa mita ya mraba. Mkadiriaji wa kweli atakwambia: matofali 10 na ya kuvunjika juu yake, kwa bei ya kufikishwa kiwanjani; saruji na mchanga wa kujengea; maji, ambayo kama hamjavutiwa bomba yatakuja kwa boza; mbao na mirunda ya jukwaa ukuta ukipita kimo cha mtu; fundi na msaidizi wake, ambao kwa siku huweza kujenga kati ya matofali 100 na 150, yaani mita za mraba 10 hadi 15, kwa hiyo ujira wa siku unagawanywa kwa hizo. Na kama lori halifiki kiwanjani, vibarua wa kubeba tofali kutoka barabarani nao wanaingia humo. Juu ya yote hayo ndipo zinakuja gharama za ofisi na faida. Mtu akiweza kukuvunjia mstari mmoja hivyo bila kutafuta maneno, hesabu zake nyingine zina mwenyewe. Akianza kusema "hiyo ni bei ya soko tu mama", mshukuru kwa muda wake.

Kwenye BOQ hiyo tazameni pia kurasa za mwanzo, zenye mlinzi, stoo ya saruji, choo cha mafundi, maji na uzio wa muda. Watu huzikata kwa kuona ni anasa. Stoo ikikatwa saruji inalowa, mlinzi akikatwa nondo zinahama usiku. Ila kila kitu hapo kiwe na sababu. Kama nyinyi wenyewe mna ndugu wa kulala kiwanjani, kijadilini hicho kipengele.

Haya, mfanye nini? Msianze na kuchagua mjenzi. Anzeni na mteremko. Rudini kwa aliyewachorea, aje kiwanjani na mhandisi, awaangalizie kama sakafu inaweza kugawanywa usawa wa ngazi mbili, mathalani vyumba vya kulala juu na sebule na jiko chini kidogo. Kila nusu ikifuata ardhi yake, kimo cha wastani cha msingi kinapungua sentimita 40 hivi. Hizo ni kama matofali 450 na nusu ya kifusi cha mteremko, na ukuta wa bondeni unashuka kutoka mita 2.5 hadi 1.7. Mtakuwa na ngazi kama tano ndani ya nyumba, kwa hiyo mfikirie wazee watakaokuja kukaa nanyi. Lakini hakuna mazungumzo ya bei yatakayowapunguzia gharama kama uamuzi huo mmoja kwenye ramani.

Ramani ikitulia, mlipeni mkadiriaji majenzi asiye na uhusiano na mjenzi yeyote awaandalie BOQ isiyo na bei. Awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, na mkandarasi awe na usajili wa Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Vyeti waonyeshe, nanyi mhakikishe kwenye bodi zenyewe. Wapeni wote watatu karatasi hiyo hiyo wajaze bei, na kila mmoja aandike tarehe na bei zake zinadumu hadi lini. Gharama ya kumlipa mkadiriaji inaweza kuwa ndogo ukiilinganisha na yale matofali 1,300 yaliyokosekana.

Mkadiriaji aigawe kazi katika hatua: msingi hadi jamvi (zege la sakafu), boma hadi renta, kupaua, kisha umaliziaji. Kwa milioni 30 zenu mtaona wazi zinaishia wapi. Sitawaahidi kwamba zitafika kwenye paa, kwa sababu msingi wenu ni mkubwa. Mkopo wa SACCOS msiuchukue sasa. Riba itaanza kukimbia wakati bado mnajaza kifusi. Uwekeni kwa ajili ya hatua ambayo ikikamilika mnaweza kuhamia, hata kama ni vyumba viwili na choo, ili kodi ya nyumba mnayolipa leo ndiyo irudishe mkopo.

Kutanguliza asilimia 60, hapana. Asilimia 60 ya milioni 42 ni milioni 25.2, yaani karibu akiba yenu yote, na mnayemkabidhi hajakikanyaga kiwanja. Lipeni kwa kazi iliyopimwa, na kila malipo mbakize asilimia 5 au 10 hadi mvua za kwanza zipite mkaona kama kuna nyufa au panapovuja.

Kwa baba mkwe, mama, nenda na mumeo, tena yeye ndiye azungumze. Msiende kumshtaki fundi. Mwombeni mzee awasindikize yeye na fundi wake hadi Goba, mshike mpira wa maji mbele yao, mpime tena ule mteremko, kisha mumwombe fundi ahesabu upya msingi palepale. Mtu mwenye ufundi wa kweli akiliona bonde lile atairekebisha karatasi yake mwenyewe, na heshima yake itabaki mahali pake. Akiirekebisha vizuri, mnaweza kumpa kazi ya ufundi peke yake kwa bei ya kila hatua, vifaa mkanunua wenyewe kwa kufuata BOQ, na mkamlipa mhandisi wa kuja kukagua kabla zege halijamwagwa. Mkichagua njia hiyo mjue kwamba vifaa vikipungua, upungufu ni wenu, si wake. Kwa wafanyakazi wawili wenye zamu na vipindi, lazima mmoja wenu awe na muda wa kusimama pale siku ya kumwaga zege la msingi, siku ya jamvi na siku ya renta. Kama hamna muda huo, kampuni ile ya kurasa 14 ingieni nayo mkataba wa hatua ya msingi peke yake kwanza, muone wanavyofanya kazi.

Na akikataa kwenda Goba, mumeo atakuwa amepata jibu bila wewe kusema neno. Nitumie vipimo vipya mkishapima, na ramani ikishabadilishwa niletee niipitie.